Kisukari kwa sisi wanaume: mimi kimenikuta mjini, baba mdogo kimemkuta shambani

Mpogoro wa Mbagala:

Wakuu habari za muda huu. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo naupandisha hivyohivyo maana jana nimetoka wodini kumuona baba yangu mdogo, amekatwa mguu chini ya goti, na mimi nimesimama pembeni ya kitanda chake mfukoni nina vidonge vya ugonjwa uleule uliomkata mguu. Mnivumilie, ni mrefu.

Mimi ni mtu wa Lupiro, Ulanga, mkoa wa Morogoro. Dar niliingia 2009 nikiwa na kilo 61, nazikumbuka kwa sababu nilipima kwa wale vijana wa mizani ya barabarani Kariakoo wiki ya kwanza tu nimefika. Nilianza kwa kubeba mizigo, miaka mitatu nabeba majora ya vitambaa kichwani kupandisha maghorofa, halafu 2012 nikapata bajaji ya hesabu na toka siku hiyo miguu yangu kazi yake ikawa kukanyaga breki tu. Natoka Rangi Tatu saa 11 alfajiri, saa 2 supu na chapati mbili, mchana wali maharage kwa mama ntilie na sahani naijaza kama vile nimetoka kulima nusu heka, kwenye foleni ya jioni soda baridi mbili au tatu maana jua la Dar mnalijua, saa 5 usiku nabeba chipsi mayai nakula nikiwa nimeshalala nusu. Miaka kumi na kitu.

Nikienda nyumbani kusalimia kila mtu ananiambia umependeza, mji umekukubali. Mama alikuwa anafurahi kweli, mtoto wake anashiba. Na mimi nilikuwa nafurahi, siwezi kudanganya.

Aliyeniambia ukweli wa kwanza ni fundi cherehani. 2022 alinipima suruali ya harusi ya shemeji yangu akaandika inchi 41, mwaka jana nimerudi kwake akazungusha futi kiunoni mara mbili kama haamini, akaandika 44. Miezi hiyohiyo nikaanza kiu, yaani chupa ya lita moja na nusu inaisha kabla sijafika Mtoni Kijichi, na mkojo, abiria nimempakia namuomba samahani nasimama uchochoroni. Mke wangu akaona sisimizi wamejipanga chooni pale ninapokojoa mimi tu. Hata hapo sikwenda kupima. Na kingine nakisema kwa sababu humu wengi wetu ni wanaume: nguvu za kitandani zilishaanza kupungua kama mwaka mzima kabla ya hayo yote na nikawa nanunua dawa kwa wauzaji wa stendi, hela nyingi tu imeondoka, sikumwambia mtu.

Jirani yetu ni nesi, ndo akanishika mkono tukaenda kupima. Sukari 16.8. Kesho yake asubuhi sijala kitu 13.9. Kile kipimo cha HbA1c, kinachoonesha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kikasoma asilimia 10.2.

Sasa nikajipa maelezo yangu, nikasema huu ugonjwa wa mjini, ningebaki shamba nisingeupata. Niliamini hivyo mpaka simu ilipoingia kuhusu baba mdogo. Huyu mzee ana miaka 57, mwembamba kama fito, hajawahi kuwa na kitambi siku moja, mkulima wa mpunga toka mtoto. Alichomwa na mwiba chini ya kidole gumba, hakusikia maumivu, akaona damu kwenye ndala tu. Kidonda kikakataa kupona. Wakasema kakanyaga tego, wiki sita kwa mganga anafukizwa na kupakwa. Zahanati waliyoenda wakamsafisha kidonda wakambadilishia bandeji, sukari hawakumpima, waliambiwa stripu za kupimia zimeisha. Alipofika hospitali kubwa kidole kimekuwa cheusi na harufu ipo, sukari 24.

Swali langu kwa mliosomea na mliopitia: inakuwaje mimi mnene wa mjini na yeye mwembamba wa shamba tunakutana sehemu moja? Nina kaka zangu wawili kule na vijana wangu hapa kijiweni, nataka nijue nawaambia nini.

Tabibu wa zamu:

Pole sana mkuu, na mpe pole mzee. Mimi ni tabibu, nimefanya kazi wilayani miaka saba na sasa nipo Dar, hivyo wagonjwa wa aina zote mbili nimewaona.

Ulichokisema kuwa ni ugonjwa wa mjini hakikutoka hewani. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa vijiji sita vya Tanzania, waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu 1 kwa kila 100. Halafu 1996 na 1997 wakapima watu wa Ilala hapa Dar na watu wa kijiji cha Shari kule Hai, Kilimanjaro. Wanaume wa Ilala 5.9 kwa kila 100, wanaume wa Shari 1.7. Zaidi ya mara tatu. Nchi moja, miaka ileile, tofauti ni namna watu wanavyoishi. Na angalia kitu hiki, wanawake wa Ilala walikuwa wanene kuliko wanaume kwa mbali ila kisukari chao kilikuwa 5.7, karibu sawa na wanaume. Sisi wanaume hatuhitaji kunenepa mwili mzima, mafuta yetu yanakimbilia tumboni ndani, yanazunguka ini na matumbo, ndo mnaita kitambi, na hayo ndo mabaya zaidi. Mwanaume unaweza kuwa na mikono myembamba na miguu myembamba na ukawa na hatari kubwa kwa sababu ya tumbo peke yake.

Ngoja nieleze kwa lugha ya stendi. Damu ni stendi, sukari ni abiria, misuli ni daladala, insulini ni kondakta anayepandisha abiria. Mafuta ya tumboni yanafanya milango ya daladala iwe migumu kufunguka, abiria wanajazana stendi. Kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, likiona hivyo linaleta makondakta wengi zaidi, linafanya ovataimu miaka na miaka na wewe hujisikii kitu, mpaka siku linachoka. Siku hiyo ndo unaanza kiu na mkojo. Kwa hiyo ukiona sisimizi ujue tatizo lina miaka, halijaanza jana.

Sasa zuri lililopo ni kwamba misuli ikifanya kazi, ukitembea kwa kasi, ukilima, ukibeba mzigo, inafungua mlango wa nyuma, abiria wanaingia hata kondakta akiwa dhaifu. Mkuu ulivyokuwa unapandisha majora Kariakoo mlango wa nyuma ulikuwa wazi kutwa nzima. Ulipokaa kwenye bajaji ukaufunga, na sahani ikabaki ileile ya mbeba mizigo.

Tena kuna utafiti umewahusu watu wa kwenu kabisa. Walifuatilia watu waliohama vijiji vya mkoa wa Morogoro kuja Dar, wakawapima kabla hawajahama na baada ya mwaka mmoja. Ndani ya huo mwaka mmoja tu wakawa wameongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani na idadi ya wanaume wanaofanya kazi za nguvu ikapungua sana. Mwaka mmoja! Wewe una zaidi ya kumi na tano.

Kuhusu mzee nitarudi nikitoka zamu, ila naomba unijibu, bibi mzaa baba yako alifariki na nini?

Lori la Tunduma:

Mpogoro umenigusa. Mimi naendesha lori Dar Tunduma mpaka Lusaka miaka 14. Nikihesabu, kwa siku natembea hatua labda za kutoka kwenye lori kwenda kwa mama wa chakula na kurudi. Enaji nilikuwa nakunywa nne mpaka sita ili nisisinzie, usingizi masaa matatu tu, sigara pakiti, na Mbeya pale nyama choma na ndizi za kukaanga usiku wa manane. Mwenzangu wa gari la nyuma alipima kwenye zile kambi za afya barabarani akakutwa na 19, mimi nikakutwa 6.4 sijala, wakaniambia hujafika ila uko njiani. Hapo nina miaka 43. Hilo neno la uko njiani lilinikaa kichwani safari nzima maana mtu wa barabarani anajua maana yake.

Nilichofanya enaji nimeacha kabisa, nabeba maji dumu la lita tano, na nikipaki sikai kwenye siti, nazunguka lori na yadi nzima dakika arobaini na simu sikioni, naongea na familia huku natembea. Sigara ndo inanishinda. Tabibu je sigara nayo inahusika au ni mapafu tu?

Tabibu wa zamu:

Inahusika kaka. Mvutaji ana hatari ya kupata kisukari kama asilimia 30 mpaka 40 zaidi ya asiyevuta, inafanya insulini isifanye kazi vizuri na mafuta yaende tumboni. Na ukishapata kisukari sigara inaziba mishipa ya miguu, hapo ndo vidole vinaanza kukatwa. Usingizi mchache nao unachangia, usiudharau. Enaji na soda hesabu mwenyewe, chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, hiyo ni karibu vijiko tisa vya chai. Mpogoro akinywa tatu kwenye foleni ni vijiko 27 kabla hajafika nyumbani kula, wakati ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba ukiweza usizidishe vijiko sita kwa siku nzima.

Kijana wa Tandika:

Mimi napingana kidogo kwa heshima. Babu yangu alikula ugali mlima maisha yake yote, pombe alikunywa, amefariki ana miaka themanini na kitu hana kisukari. Haya magonjwa ni ya kurithi na vyakula vya kisasa vya madawa. Mtu akiogopa kila kitu atakula nini? Mimi nina kitambi kidogo ila sina kiu wala sikojoi ovyo, nipo fiti.

Mpogoro wa Mbagala:

Kijana nakuelewa kabisa maana hayo ndo yalikuwa maneno yangu pale kijiweni, karibu neno kwa neno. Babu yako alienda shamba kwa miguu? Alirudi kwa miguu? Jembe la mkono? Basi ule mlima wa ugali alikuwa anaupanda na kuushuka kila siku. Mimi na wewe tunaula tumekaa.

Tabibu nimempigia mama kuuliza. Bibi alifariki 1998, mama anasema alikonda sana mwishoni, akawa anaamka usiku mara nyingi kwenda haja ndogo, na alikuwa na vidonda miguuni ambavyo havikupona. Hakuna aliyesema kisukari. Walisema karogwa na mke mwenza. Nimekaa na simu mkononi nikashindwa kuongea. Yaani kwenye ukoo wetu kilikuwepo muda wote, hakikuwa na jina tu.

Tabibu wa zamu:

Nilihisi. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari aina ya pili, ile ya kawaida ya watu wazima, hatari yako inapanda mara kadhaa, kwa hiyo Kijana wa Tandika yuko sahihi kwenye kurithi. Ila kurithi ni kama kurithi shamba lenye majani makavu, bado anahitajika wa kuwasha. Kwako wewe mkuu umewasha kwa kukaa na kwa sahani. Kwa mzee tuangalie taratibu, kwa sababu watu wa vijijini tunawadanganya tukiwaambia kisukari ni vitambi tu.

Niambie mzee analimaje siku hizi? Anakunywa? Anavuta?

Mpogoro wa Mbagala:

Analima kwa pawatila, kile kitrekta kidogo, ya kukodi, yeye anasimama kwenye tuta anaelekeza. Shambani anapelekwa na bodaboda ya mwanae. Kusema kweli kijiji si kile nilichokiacha, toka daraja la mto Kilombero lianze kutumika badala ya kivuko vitu vinaingia, soda ipo mpaka vibanda vya ndani kabisa, mashine za kukoboa kila kona na mchele tunakula ule mweupe kabisa, sukari kwenye chai wanaweka mpaka kijiko kinasimama. Sigara zile za kusokota anavuta toka ujana. Gongo kila jioni, hiyo haina mjadala. Na utotoni wao walikula shida, baba alikuwa anatusimulia mwaka wa mafuriko walivyokula mizizi.

Tabibu wa zamu:

Umeshajijibu mkuu. Mtoto aliyezaliwa kwenye njaa, au aliyekosa chakula akiwa mdogo sana, kongosho lake linaweza kukua dogo, lina makondakta wachache toka mwanzo. Mtu wa hivyo anaweza kupata kisukari akiwa mwembamba kabisa. Mwaka 2025 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari kwenye mkutano wake Bangkok limekubali kuita kisukari cha utapiamlo aina ya tano, ni jambo ambalo madaktari wa Afrika na Asia walikuwa wanaliona miaka mingi. Sisemi mzee ana hiyo, sijampima, inaweza kuwa aina ya pili ya kawaida tu. Nasema wembamba si cheti cha uzima. Ongeza pombe kali ya kila siku ambayo inaumiza kongosho lenyewe, ongeza tumbaku, ongeza ukoo, ongeza miaka 57, halafu ondoa jembe la mkono lililokuwa linamkinga. Shamba bado linaonekana shamba ila kinga yake imeondoka.

Na kuna la tatu ambalo linaniuma zaidi. Mjini unapata kisukari kwa urahisi ila pia unapata jirani nesi, kambi ya afya, famasi inayopima kidoleni. Kijijini kipo kwa wachache zaidi ila anayekipata anagundulika akiwa amechelewa. Kidonda cha mguu, macho yameingia ukungu, au anakuja na kifua kikuu, maana mwenye kisukari anapata TB mara mbili mpaka tatu zaidi ya mwingine, tunatibu TB na sukari hatuiangalii. Mzee hakusikia mwiba kwa sababu mishipa ya fahamu ya miguu ilishakufa ganzi, na ganzi hiyo inachukua miaka.

Mwaka 2012 walipima nchi nzima watu wa miaka 25 mpaka 64, wakakuta karibu 9 kwa kila 100 wana kisukari. Linganisha na ule utafiti wa vijiji wa 1989 hata kama waliopimwa na namna ya kupima si sawasawa kabisa.

Msharika wa Hai:

Mmeitaja Shari nimeona niingie, ni majirani zetu. Baba yangu alikuwa anapanda na kushuka mlima kila siku, shamba la kihamba, lile la nyumbani, juu, la tambarare chini, mahindi anabeba mgongoni. Mbege alikunywa ila ilikuwa ya mwisho wa siku na ya pamoja, mnapokezana kata. Sasa hivi vijana wetu wa umri wa miaka 35 wanapanda huo mlima kwa boda mia kwa mia, na mbege wanaiona ya wazee, wanakunywa bia kreti na nyama. Mwaka jana kwenye ibada yetu walikuja wahudumu wa afya wakapima baada ya misa, wanaume tuliojitokeza tulikuwa robo ya wanawake. Wanaume walisimama chini ya mti wakisubiri wake zao wamalize. Niliumia kuangalia.

Mama wa watatu:

Naomba niongee kama mke. Hawa wanaume wa chini ya mti ndo waume zetu. Wangu nilimwambia mwaka mzima akapime, anasema sitafuti ugonjwa nisiokuwa nao. Kilichomtoa si mimi, ni kitu ambacho Mpogoro amekitaja pale juu na nampongeza kwa kukisema. Mume wangu alinikwepa miezi, nikadhani ana mwanamke nje, nyumba ikawa ya moto, tumeitana mpaka kwa wazee. Siku moja nikakuta kwenye begi lake vichupa vya zile dawa za nguvu, nikakaa naye usiku nikamwambia baba Irene sina hasira, twende wote tukapime, mimi natangulia kutoa kidole. Tukaenda. Yangu 5.1, yake 15. Akalia mle ndani kwa daktari, mwanaume mzima, nadhani zaidi kwa kuelewa kwamba hakuwa amelogwa wala hajazeeka. Sasa ana miezi tisa kwenye dawa, sukari imeshuka, na nyumba imetulia, nitaishia hapo.

Wanawake mnaosoma humu, tangulieni kutoa kidole.

Lori la Tunduma:

Mama umeongea kitu kizito. Madereva tunazinunua hizo dawa kama karanga.

Tabibu wa zamu:

Ndiyo, na nyingine zinauzwa hazijulikani zina nini ndani, mwenye presha na kisukari zinaweza kumuua. Mwanaume ukiona jogoo anachelewa kuwika, kabla hujanunua kitu kapime sukari na presha. Mishipa ya kule ni midogo, inaumia mapema kuliko ya moyo. Na kuwashwa au fangasi kwenye kichwa cha uume zinazorudi kila ukitibu, pima sukari pia.

Mpenda mitishamba:

Tabibu na mlonge je? Mama yangu anatumia unga wa mlonge na anasema umemsaidia, mimi nataka mzee aachane na vidonge maana vinaharibu figo.

Tabibu wa zamu:

Mlonge kama mboga ale tu, ni chakula kizuri. Kuacha vidonge hapana, tafadhali. Watu wengi wanaamini metfomini, kidonge cha kisukari, inaua figo, kinachoua figo ni sukari iliyoachwa juu miaka pamoja na presha. Figo zikishaumia kwa sababu nyingine ndo daktari anapunguza au kubadili dawa, ndo maana mnapimwa figo kila mwaka. Mwenye kupunguza dozi awe daktari akiwa na majibu mkononi.

Namba za kukumbuka, za sukari ni mmol kwa lita: asubuhi hujala chochote, 7.0 kwenda juu ukipimwa zaidi ya mara moja ni kisukari. 6.1 mpaka 6.9 ndo ile uko njiani. Muda wowote ukikutwa 11.1 kwenda juu na una dalili, ni chenyewe. HbA1c ni asilimia 6.5 kwenda juu, ila mwenye siko seli au damu yake ina shida kipimo hicho kinaweza kudanganya, mwambie daktari. Kiuno kwa mwanaume sentimita 94, kwa futi ya fundi ni inchi 37, hapo anza kuwa makini, 102 ambayo ni inchi 40 hatari imekuwa kubwa. Pima kwenye kitovu umepumua nje, usiangalie saizi ya suruali maana tunafungia chini ya tumbo.

Nimegundulika nikiwa na 22:

Naongeza moja. Sio kila kijana mwembamba asubiri vidonge. Mimi nilikonda kilo 9 ndani ya wiki tano, natapika, pumzi inanuka kama matunda yaliyochacha, wakasema malaria na taifodi, nilikuja kuzinduka ICU. Yangu ni aina ya kwanza, kongosho halitoi insulini kabisa, si kwa sababu ya soda wala kukaa. Naishi kwa sindano, mwaka wa sita huu. Msituweke kwenye kapu la watu waliokula vibaya, ila ukiona dalili hizo kwa mtoto au kijana kimbia siku hiyohiyo.

Kijana wa Tandika:

Swali la dhati sasa. Mtu aliyeko njiani anarudi nyuma au ndo basi?

Tabibu wa zamu:

Anarudi wengi wao. Marekani walifanya majaribio makubwa wakatoa majibu 2002, watu walioko njiani wakatakiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Waliofanya hivyo kisukari kilipungua kwa asilimia 58, waliopewa metfomini peke yake asilimia 31. Miguu iliishinda dawa. Mwenye kilo 88 hizo ni kama kilo 6 tu, na dakika 150 ni nusu saa siku tano. Huhitaji gym, shuka kituo kimoja kabla.

Mpogoro wa Mbagala:

Natoa mrejesho, imepita wiki tatu toka nianzishe.

Mimi: kijiweni tumekubaliana madereva kumi na mbili, kila Jumamosi saa 12 asubuhi tunakimbia na ile joging ya Mbagala, na siku za kazi bajaji naipaki mbali na kwa mama ntilie naenda kwa miguu. Mama ntilie mwenyewe nimemwambia ukweli, ananipa wali nusu, matembele yanajaza upande mwingine, na soda ananikataza yeye. Nimeshuka kutoka kilo 89 mpaka 86, asubuhi ya leo 8.2. Usiku mke wangu ananiangalia nyayo kwa tochi ya simu, kila kidole, katikati ya vidole, ndala na kutembea pekupeku nimeacha.

Kaka zangu: nilimtumia mdogo wangu hela akanunua glukometa, kile kimashine cha kupima sukari, na kopo la stripu, akaenda nayo siku ya gulio. Nilimwambia asiwaite watu kupima kisukari, awaambie nani anataka kujua damu yake. Wamepima wanaume 23. Wawili wamekutwa zaidi ya 11, mmoja ni kaka yangu mkubwa, hana kitambi, hana dalili hata moja, 12.6. Ameshapelekwa kituo cha afya. Stripu za zahanati tumezungumza na mwenyekiti wa kijiji alipeleke kwenye kikao, nitafuatilia mwenyewe.

Baba mdogo karudi nyumbani. Anatembea na magongo mpaka barazani, sukari 9. Aliniuliza kwenye simu kama ni kweli mama yake naye alikuwa na huu ugonjwa. Nikamwambia inaonekana hivyo. Akanyamaza, halafu akasema basi yule mama tuliyemfukuza kijijini hakufanya kitu. Anamaanisha yule mke mwenza wa bibi. Anaomba tumtafutie watoto wake wako wapi.

Kijana wa Tandika:

Mpogoro, nimepima leo asubuhi. Futi inchi 39. Sukari 6.7 sijala. Jumamosi mnaanzia wapi kukimbia?

Mpogoro wa Mbagala:

Rangi Tatu pale mbele ya kituo cha mafuta, saa 12 kasoro robo. Nitakuwa na fulana ya njano.